Wenyewe wa Chokaani

Palikuwa na sultani aliyemaliza kahawa yake ya alasiri kama siku zote, akaweka kikombe chini, akatangaza kwamba kitongoji cha Chokaani ni mali yake. Babu yake ndiye aliyekijenga, alisema. Wakazi wahame, yeye anataka mahali pa kufugia farasi.

Chokaani palikuwa na nyumba chache za mawe, msikiti usio na mnara, na kisima chenye maji ya chumvi. Nyumba kongwe kuliko zote ilikuwa ya Vuai, mchoma chokaa. Mkewe, Mize, alizikwa nyuma ya nyumba hiyo mapema mwaka huo. Vuai hakuwa na nia ya kuhamia popote. Akaenda barazani kwa sultani.

"Maulana, nasikia babu yako ndiye aliyetujengea."

"Kila jiwe."

"Na ukuta wangu uliopinda?"

"Huo pia."

"Na kisima?"

"Alikichimba yeye."

"Mungu amrehemu. Sisi kwa ile chumvi tulikuwa tukiilaumu bahari."

Kadhi, aliyeketi kando, akajifanya anakohoa.

"Ulimi unao, Vuai," sultani akasema. "Shahidi je, unaye?"

"Sina. Na Maulana?"

Sultani akatazama kikombe chake.

"Basi tuiulize nyumba," Vuai akasema. "Njoo kesho na kadhi. Ukiingia kwangu kama mtu aingiavyo kwake, tutahama sote bila neno. Ukiingia kama mgeni, utuache."

"Kuingia tu?"

"Kuingia tu."

"Hilo hata farasi wangu analiweza."

"Yeye sina shaka naye, Maulana."

Asubuhi Vuai alifungua sanduku, akatoa kanga za Mize. Akazishika kitambo. Kisha akazilowesha, akazianika ukumbini, mahali panapoonekana toka nje. Akaacha mlango wazi, akaenda kuketi chumba cha ndani, kimya.

Sultani akafika na kadhi na watu wake. Akainua mguu avuke kizingiti. Akaziona kanga za kike, mbichi, zinachuruzika maji. Mguu ukarudi chini. Alikuwa sultani, lakini alilelewa na mama. Akageuza uso pembeni, akasafisha koo.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

"Tupo, Maulana," Vuai akaitika kutoka ndani. "Karibu, mgeni."