Banda Lililozimwa

Siku ile, katika chumba cha mikutano cha kituo cha afya, alikuwepo Mzee Mwaisaka, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alikuwepo Sista Tupokigwe, muuguzi mkuu. Alikuwepo Bwana Rwehumbiza, mgeni aliyetumwa na wafadhili kuikagua ramani ya wodi mpya ya wazazi. Alikuwepo Ambokile, mchoraji wa ramani hiyo, na kompyuta yake mezani. Na alikuwepo Mama Sekela, aliyeingia na birika la chai na sahani ya ndizi za kuchemsha, ingawa ukiwauliza wale waliokaa vitini watakuambia walikuwa wanne tu.

Ambokile alikuwa fundi mwaminifu. Kabla ya kuchora jengo lolote alikwenda mwenyewe kiwanjani, akapima kila kilichopo, akakichora kama kilivyo. Ndivyo alivyolichora banda la kupikia lililokuwa nyuma ya kituo. Kituo chenyewe hakikuwa na jiko, na ndugu wa wagonjwa waliwapikia watu wao hapo. Akina mama walilijenga kwa mikono yao, kwa nguzo za mikaratusi na mabati ya kuokoteza. Ambokile alilichora na nguzo zake, na mafiga yake, na benchi la kukalia. Alilichora kwa upendo, maana alilijua.

Mke wake alipojifungua mtoto wao wa kwanza katika kituo kile, Ambokile alikuwa safarini, na mama mkwe alikuwa hajafika. Mwanamke asiyemfahamu alimletea uji wa moto kwenye kikombe cha plastiki, akampokea mtoto, akamshikilia mpaka mama akaumaliza uji wote. Mwanamke huyo alikuwa Mama Sekela. Alikuwa amekuja kumuuguza dada yake. Dada alipona, akarudi nyumbani. Mama Sekela aliendelea kuja, kwa sababu alikuwa ameona kwamba wapo wanaojifungua bila mtu.

Sasa mchoro wa kompyuta si kitu kimoja. Ni kama karatasi nyingi zinazopenya mwanga, zimelazwa moja juu ya nyingine. Kuta zina karatasi yake, mabomba yana yake, nyaya za umeme zina yake. Kila moja huitwa tabaka, na kando ya jina la kila tabaka kuna taa ndogo. Taa ikiwaka, tabaka linaonekana. Ukiizima, halionekani wala halichapwi, ingawa lipo palepale. Kuzima taa si kosa. Fundi wa mabomba hana haja ya kutazama nyaya. Banda la akina mama lilikuwa na tabaka lake pia, na Ambokile alikuwa ameliandika jina kwa herufi kubwa: VILIVYOPO.

Kabla mgeni hajafika, Mzee Mwaisaka aliitazama ramani iliyomulikwa ukutani kutoka kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Ambokile, baba, hili banda la nyuma linatia aibu. Ramani ni bibi harusi. Unampeleka kanisani na masizi usoni? Zima hapo."

Ambokile alizima. Alijiambia moyoni kuwa ni kwa ajili ya kuonyesha tu, na kwamba ataiwasha ile taa kabla ya kuchapa. Hivyo ndivyo watu wema wanavyojiambia. Kidole kilibofya mara moja, na nyuma ya kituo pakawa peupe kama shuka jipya.

Mgeni alifika, akapendezwa. Alisifu madirisha, akasifu mlango mpana wa kupitisha machela. Kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Na hapa nyuma? Pako wazi?"

Sista Tupokigwe aliinamia kikombe chake. Alijua nani huwalisha wagonjwa wake. Mzee Mwaisaka alimtazama mchoraji. Wakati huohuo Mama Sekela alikuwa amesimama begani kwa Ambokile, anammiminia chai. Alikuwa ameichemsha asubuhi hiyo, juu ya mafiga yale, mahali palepale mgeni alipokuwa ameelekeza kidole. Lakini ukutani pale hapakuwa na alama ya kumwambia kuwa ni kwake panapozungumziwa.

"Pako wazi," alisema Ambokile.

"Safi sana. Basi magari yaegeshwe hapo."

"Nikuongeze sukari, mwanangu?" aliuliza Mama Sekela.

Ambokile alisema inatosha. Akachora maegesho ya magari juu ya banda lililozimwa. Mgeni alikuwa na haraka, gari linaunguruma nje, na ramani ikachapwa ilivyo, ikasainiwa, ikapigwa muhuri. Hakuna aliyefuta kitu. Hilo ndilo linalochoma. Angefuta, angalau mkono wake ungetetemeka. Kuzima ni kazi ya kidole kimoja, na anayezima hulala usingizi mzuri, kwa kuwa anajua kitu bado kipo. Kipo wapi? Kipo kwake yeye peke yake.

Siku tingatinga lilipofika, akina mama walikuwa na masufuria motoni.

"Shikamooni mama zangu," alisema msimamizi wa ujenzi. "Naomba mtoe vyombo."

"Marahaba. Tuvitoe twende wapi?"

"Mimi nafuata karatasi, mama. Karatasi inasema hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" alisema mmoja wao. "Na huu moshi unaokutoa machozi, unatoka tumboni kwako?"

Wengine walicheka, lakini tingatinga halikuzimwa.

Ambokile aliitwa, akaja mbio. Alifungua kompyuta juu ya tofali, akaiwasha ile taa ndogo mbele ya wote, na banda likatokea. Msimamizi alilitazama, akamhurumia, akatikisa kichwa. "Kaka, hiyo ni kompyuta yako. Muhuri uko kwenye karatasi yangu." Wakampigia Mzee Mwaisaka simu. Naye akajibu kwamba wageni wameshakubali, na kwamba hatawarudia wafadhili kwa ajili ya mafiga.

Mama Sekela alisogea, sufuria la uji likiwa mikononi mwake, limezungushiwa kanga lisimuunguze. Aliinama kwenye kioo.

"Haya ni mafiga yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hili ni lile benchi?"

"Ndiyo, mama."

Hakupaza sauti.

"Kumbe ulikuwa unatuona."

Akaondoka na uji wake kwenda wodini kabla haujapoa, maana kulikuwa na mtu anausubiri.

Ambokile alibaki amesimama pale, na vumbi la mabati yaliyoangushwa na tingatinga likamfunika. Angeambiwa kwamba hakuona, angeweza kujitetea. Asiyeona anaweza kuonyeshwa. Lakini mtu aliyeona, akapima kwa utepe, akachora hadi mafiga, aliyekuwa amekula mkononi mwao kupitia kinywa cha mke wake, kisha akabofya ili mgeni apendezwe, huyo ataonyeshwa nini tena? Na ninyi mnaosikia haya na kumkasirikia, ni nani mliyemchora vizuri mioyoni mwenu, mkamjua hadi jina, kisha mkazima taa yake mgeni alipoingia?

Wodi ilifunguliwa mwezi wa Agosti, na magari ya wageni yaliegeshwa nyuma. Mwanamke wa kwanza kujifungua humo alikuwa amekuja peke yake, na alikaa mpaka alasiri bila uji.