Tairi Zima Lisilofungika

Palikuwa na bwana mmoja, mkwe wa watu, mwenye gari imara la nyikani na mke mwenye akili. Nayataja hayo mawili mapema ili msije mkadhani alipungukiwa.

Mama mkwe wake alikuwa anakaa nao mjini tangu avunjike nyonga. Hakuweza kuketi, alikuwa mtu wa kulala tu. Siku moja ikaja habari kwamba mdogo wake wa pekee, huko ng'ambo ya nyika, yuko hoi. Yule bibi akaomba jambo moja tu: apelekwe akamwone mdogo wake angali na macho ya kumtazama.

Gari halikuwa na nafasi ya mtu kulala. Basi mkwe akaamua kutengeneza tela la kuvutwa nyuma ya gari, chumba kidogo cha bati chenye kitanda, dirisha na chandarua. Nanyi wenye wakwe mnajua heshima ya ukweni ilivyo. Kwao mtu hakai na mama mkwe wake akapiga soga, wala hamtazami usoni hivi hivi. Sasa atamwonyesha wapi kwamba anampenda? Atamwonyesha kwenye tela. Alilipaka rangi kwa mkono wake, akachagua na pazia. Moyo wake ulikuwa safi kabisa, hilo naomba mlishike.

Ikabaki kuchagua magurudumu. Wakaenda yeye na mkewe kwenye duka la matairi, na mwenye duka akawatolea aina mbili. Kulikuwa na rimu kuukuu za chuma, rangi imebanduka, lakini zina matundu sita ya bolti sawa na za gari lao, na matairi ya saizi ile ile. Halafu kulikuwa na mpya zinazong'aa kama sufuria za bibi harusi, matairi mapana, meno makubwa ya kukanyaga tope, mbavu nene. Hizo zilikuwa na matundu matano.

Bwana akazizunguka zile mpya, akazipiga kofi mbavuni kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Mkewe, ambaye safari za mbali ndiye huendesha zaidi, akatazama matundu.

"Baba watoto," akasema, "hizi ni nzuri, ila hazioani na za gari letu."

Mumewe akacheka. "Kwani nalitafutia tela mchumba?" Kisha akashusha sauti. "Mama atembelee rimu kuukuu? Watu wa kwenu watanionaje?"

Mmesikia swali hilo? Watanionaje. Nawauliza, ndugu zangu, ile safari ilikuwa ya nani?

Mke akakubali, maana mume akishataja ukwe, mtoto wa watu atasema nini tena? Tela likafungwa magurudumu mapya, na la akiba jipya likaning'inizwa nyuma. Walipopita mitaani watu waligeuka kutazama, na bwana akaona raha, tena raha ya haki, kwa sababu mle ndani bibi alikuwa amelala vizuri na alikuwa akimwombea mkwe wake baraka.

Wakaingia nyikani. Barabara ikaisha, wakafuata njia ya ng'ombe, mawe makali kila mahali. Tairi la mbele la gari likachanika ubavuni. Hilo halizibiki, wakafunga la akiba la gari, wakaendelea. Kabla jua halijageuka, la nyuma nalo likachanika vile vile.

Wakashuka. Simu hazishiki. Gari limeinama upande mmoja, na nyuma yake tela limesimama wima, magurudumu yote mazima, na la akiba halijagusa hata vumbi. Bwana akalifungua lile la akiba, akalibeba mpaka kwenye gari, akalijaribisha. Bolti sita, matundu matano. Akaligeuza, akajaribu tena, kama kwamba chuma kina huruma.

Bibi alisikia vishindo, akauliza kupitia dirishani.

"Mwanangu, haya ya kwangu ni mazima?"

"Ni mazima, mama."

"Basi chukueni moja mfunge kwenye gari. Mimi nitawasubiri hapa hapa."

Yule bwana akalilaza tairi chini. Mkewe ndiye aliyejibu, kwa upole. "Halikubali, mama."

Kesho yake likapita lori la mifugo. Bibi hakuweza kupandishwa humo, kwa hiyo mkwe akaenda peke yake mjini kutafuta tairi, na ikawa siku nyingine tena kabla hajarudi. Walipofika ng'ambo ya nyika walikuta kaburi, udongo wake bado una unyevu. Bibi akaomba alazwe karibu nalo. Akaweka kiganja juu ya udongo, akaita jina la mdogo wake, akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Msiharakishe kumlaumu bwana yule. Je, alikosa upendo? Alikuwa nao tele. Alikosa mali? Vitu vizima alikuwa navyo, viko pale mbele yake. Ila alivichagua kwa macho ya watu, na saa ya shida ilipofika havikuweza kufungika pale palipopungua.

Sasa tuje kwetu. Juzi tumemzika mwenzetu wa jumuiya, na mazishi yalipendeza. Tulimpelekea mjane mashada yaliyojaa sebule, kwaya ikashona sare mpya, wazungumzaji wakapanga foleni. Yote hayo ni mazima, sikatai. Lakini mumewe ndiye aliyekuwa anakamua ng'ombe, na siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yule mama nani atakamua. Tumeimba toka asubuhi mpaka jioni, na huko nyuma ya nyumba ng'ombe analia, kiwele kimejaa mpaka kinadondosha maziwa chini. Tulimsikia. Tukapandisha sauti ya wimbo.