Kwa Nini Kihori Hupigiwa Hodi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye usingizi asinzie tu, maana habari hizi huingia vizuri hata kwa aliyefumba macho. Zilitokea wakati mbao zilipokuwa hazijasahau kwamba zilikuwa miti. Siku hizo maji ya ziwa letu yalikuwa meupe asubuhi kama maziwa yaliyozimuliwa, na chombo kilichochongwa kwa mkono mwema kilisikia kikiitwa.

Mashua ya tanga na kihori chake, kile chombo kidogo cha kuwafikisha watu ufukweni mahali penye maji haba, vilitokana na mti mmoja. Shina lilitoa mashua, tawi likatoa kihori. Hakuna aliyehangaika kutafuta mahali pa kukiweka kihori safarini, wala hakikufungwa kamba. Kilifuata chenyewe nyuma ya mashua kama ndama, mara kikibaki kuchezea mawimbi, mara kikikimbilia ubavuni kinapoitwa.

Katika kisiwa cha Mahande aliishi nahodha aliyeitwa Lusato. Alikuwa mtu mpole, isipokuwa kwa jambo moja: sitaha ya mashua yake. Aliisugua kwa mchanga kila jioni hadi ikawa nyeupe kama kucha. Abiria walinawa miguu kabla ya kupanda. Mizigo ilitandikiwa mikeka. Na kwa kuwa hakutaka magamba ya samaki yaguse mbao zile, mkewe Nyangeta alilazimika kushuka kwenye kihori kila asubuhi, akapara samaki wa chakula huko nyuma, peke yake, maji yakimtenga na sauti za wenzake.

Siku moja Nyangeta alimwambia, "Mume wangu, mimi nasafiri peke yangu, nawe unasafiri na mbao zako."

Lusato akacheka. "Si uko hapo hapo nyuma? Nikigeuza shingo nakuona."

"Basi geuza shingo mara kwa mara," akasema Nyangeta.

Ikafika safari ndefu ya kupeleka chumvi ng'ambo ya ziwa. Ndani ya mashua walikuwamo Lusato, mkewe, na Mzee Magoti, baharia aliyekuwa amemfundisha kazi tangu ujana wake. Asubuhi ya pili Nyangeta alishuka kwenye kihori na kapu la samaki. Upepo ulikuwa mwanana. Kwa mbali waliona moshi mweusi ukisimama juu ya maji, mrefu kama mnara, ukiyumba polepole. Haukuwa moshi. Walikuwa wale wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, ambao huzaliwa siku moja kwa maelfu ya maelfu na kupanda angani wakicheza.

Mashua iliingia katikati yao. Mchana ukawa kijivu. Mbawa zile ndogo zilitoa mvumo mmoja laini uliomeza kila sauti, na Lusato akajifunika uso kwa shuka, akaona raha ya ajabu, kama mtu anayeota. Hakugeuza shingo. Naye Nyangeta aliita, na kihori kikaita kwa namna yake, lakini mvumo ule ulizidi vyote viwili.

Walipotoka upande wa pili jua lilikuwa kali na maji yalikuwa tambarare. Nyuma yao hapakuwa na kitu.

Lusato aliita hadi sauti ikakauka. Akageuza mashua, akapita tena palipokuwa na wale wadudu, akakuta mizoga yao imetanda juu ya maji kama unga. Akaenda kaskazini, akaenda kusini. Kesho yake akaona bora akimbilie kisiwani kuomba watu wamsaidie, akaelekeza omo, ile pua ya mashua, huko. Mashua ikakataa. Tanga lilikuwa limejaa upepo, kamba zimekaza, lakini chombo hakikusogea hata shubiri. Kilitetemeka tu, na kutoka ndani ya mbao ikasikika sauti nzito, kama ng'ombe aliyetengwa na ndama wake.

"Mwanangu," akasema Mzee Magoti, "achia usukani."

"Nikiachia tutapotea."

"Tumekwisha potea. Achia."

Lusato akaachia. Mashua ikageuka yenyewe, taratibu, ikashika njia ambayo hakuna nahodha angeichagua, ikapita kati ya mawe na kati ya viboko waliolala, mchana kutwa. Lusato alikaa juu ya sitaha yake nyeupe akaitazama, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi ilivyokuwa pana, na jinsi ilivyokuwa tupu.

Asubuhi ya siku ya nne wakafika kwenye kisiwa kidogo kinachoelea, kisiwa cha mafunjo tupu yaliyofumana mizizi, ambacho leo kipo hapa na kesho kule. Juu yake kulikuwa na kihori, kimepinduliwa, tumbo juu.

Magoti alishusha macho. Kila mtu wa majini anajua maana ya kihori kilichopinduka. Lusato aliruka, akatembea juu ya mafunjo yaliyobonyea chini yake, akapiga magoti kando ya kile chombo. Akakipiga kwa kifundo cha kidole, mara tatu, kama mtu aliyefika mlangoni kwa wenyewe akiwa amechelewa mno.

Ndani kukajibiwa: ngo, ngo, ngo.

"Nani?" ikauliza sauti.

"Ni mimi, Lusato!"

"Lusato yupi? Yule mwenye sitaha?"

Akalia na kucheka kwa pamoja, akatia vidole chini ya ukingo ili akiinue, lakini Nyangeta alikishikilia kwa ndani. Alieleza kwamba upepo uliwasukuma hadi kwenye mafunjo, mvua ikamnyeshea, naye akakipindua kihori na kulala chini yake, pakavu, na mbao zilikuwa zikipumua polepole usiku kucha hadi hofu ikamtoka. "Sitoki," akasema, "mpaka uniambie hiki kitakaa wapi."

"Nitakifunga kamba nyuma."

"Kamba hukatika."

"Basi ndani, kwenye tezi, karibu na usukani."

"Kitaukwamisha usukani, nawe ugonge mwamba."

"Omo, basi."

"Nanga itashukia wapi? Nawe utayaonaje mawe yaliyo mbele?"

Lusato akaitazama sitaha. Palibaki mahali pamoja, penye kivuli cha tanga, chini ya mlingoti, palipokuwa peupe kuliko pote. Hapo ndipo alipozoea kutandika mkeka wake wa kulalia.

"Chini ya mlingoti," akasema. "Kifudifudi, kama kilivyo sasa."

"Nawe utalala wapi?"

"Chini yake, ukinikaribisha."

Hapo ukingo ukainuka, na Nyangeta akatoka, magamba makavu yakimeta mikononi mwake.

Wakakibeba watatu, wakakilaza chini ya mlingoti na kukifunga kamba mbili. Matope ya mafunjo yalichafua sitaha, na Lusato hakuyafuta. Tawi lilipogusa shina, mashua ilishusha pumzi ndefu, na kihori kikalala usingizi. Kilikuwa kimechoka kwa kufuata. Lusato alipokiita kwa jina siku waliyofika ng'ambo, hakikuitika tena, wala hakuna kihori kingine kilichoitika baada yake. Vyote viliusikia usingizi ule, vikaupenda.

Na tangu siku hiyo, kihori cha mashua ya tanga hakiachwi kifuate nyuma katika safari ndefu. Hulazwa kifudifudi chini ya mlingoti, kimefungwa kamba mbili, mvua isikijaze na upepo usikichukue, na mwenye kunyeshewa hujikinga chini yake. Na tangu siku hiyo, hakuna baharia wa ziwa letu anayekiinua bila kukipigia hodi mara tatu. Wageni huona ni mchezo. Baharia hakiinui kwanza. Anatega sikio, anasubiri kadiri mtu anavyohitaji ili kuamka na kujibu.