Mkia wa Pomboo

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmekula mkashiba, halafu mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, ndiyo hiyo. Zamani sana, huko Uyunani, palikuwa na msichana muoka mikate, jina lake Filina. Hakuwa na mama wala baba. Alikuwa na kaka yake, Dorio, na sarafu moja ya shaba yenye picha ya pomboo. Dorio aliutia pengo mkia wa yule pomboo kwa tindo, ili waitambue hata ikichanganyika na nyingine.

Dorio alipokwenda ng'ambo kutafuta kazi, aliichukua. Akasema, "Mdogo wangu, nikikaribia kurudi nitaituma hii itangulie. Ukiiona, jua niko hai. Usikubali nyumba yetu iuzwe."

Miaka ikapita. Shangazi yao, Kleo, akaanza maneno yake. "Dorio kafa. Zabibu zikivunwa nauza nyumba, nawe utakuja kwangu kunichungia mbuzi." Filina akalia mpaka unga ukalowa.

"Masikini!"

Ngojeni, mna haraka gani? Dorio yu mzima, buheri wa afya! Alikuwa ameshampa mfanyabiashara Nikia ile sarafu, ampelekee dada yake. Sarafu furaha tele, inarudi kwao.

Lakini njiani kulikuwa na mji wa farasi. Desturi ya huko, sarafu ya kigeni haipiti langoni mpaka igongwe picha ya mji juu ya picha yake ya zamani. Kwanza hutiwa motoni mpaka iwe nyekundu, ndipo igongwe, ile picha ya zamani ifutike yote. Sasa mhunzi wa pale alikuwa na njaa. Alisikia harufu ya maharage, akaitoa sarafu kabla haijaiva. Nyundo ikalia ngaa! Farasi juu ya pomboo. Sarafu ikaimba:

*Nyundo gonga, gonga nyundo,*
*mkia wangu upo, Filina atanijua.*

Mhunzi hakusikia, alishakwenda kula.

Mbele kulikuwa na mji wa simba, desturi ni ileile. Mhunzi wa huko alikuwa ameshiba, ila mmbea. Alisimulia habari za jirani yake mpaka moto ukafifia, naye bado anasimulia. Ngaa! Simba juu ya farasi, tena kakaa upande. Sarafu ikaimba. Imbeni nanyi, msiniachie peke yangu.

"Nyundo gonga, gonga nyundo, mkia wangu upo, Filina atanijua!"

Basi Nikia akafika. Filina akamkimbilia, unga hadi kwenye nyusi. Nikia akafungua mfuko, uso ukamshuka. Sarafu zote zilikuwa simba.

"Binti, kaka yako anakuja," akasema. "Sarafu yake imo humu, ila siijui ni ipi."

Shangazi Kleo akacheka. "Kila msafiri mwenye njaa ana hadithi yake. Pomboo yuko wapi? Mimi naona simba tu. Singoji tena zabibu, nyumba inauzwa kesho."

Filina akautazama ule mfuko. Kama hakuipata, nyumba imekwenda, na Dorio atarudi akute watu wengine mlangoni. Mbele yake palikuwa na donge la unga uliokandwa. Akachukua sarafu, akaikandamiza kwenye donge, akatazama alama. Simba. Nyingine, simba. Nyingine tena, simba.

"Iko wapi, bibi?"

Tulia, Kibibi. Akakandamiza nyingine. Simba, na kwato ya farasi, na pale chini ya kidevu, kamkia. Kana pengo.

Filina akapiga kigelegele. Shangazi akainama, akatazama, akasema, "Haya, nyumba haiuzwi." Tangu azaliwe hajawahi kukubali kushindwa.

Dorio akafika zabibu zikiwa bado chachu. Wakacheza ngoma, wakala mikate, na aliyekula mingi kuliko wote ni huyohuyo shangazi. Tangu hapo kila mkate wa Filina ulikuwa na alama ya mkia.

Tumejifunza nini?

"Tusipakue sarafu mbichi!"

Haya, na lingine. Dunia itakugonga, ikubandike sura hii na ile. Ulichopewa kwenu usikiachie, maana wanaokupenda watakutambua kwa hicho.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mkate wa moto. Anayetaka kipande akanawe mikono.