Nyumba ya Wageni wa Michezo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba aliyoachiwa na baba yake. Jina lake Mbaruku, na alikaa humo na Mwanahawa, dada yake mjane. Paa lilikuwa limechoka, lakini nyuma palikuwa na ua mpana, banda la jiko na mwarobaini wa kivuli. Katika mtaa ule binti akifiwa na mume hurudi kwao, na hakuna anayemuuliza atakaa mpaka lini. Ndivyo Mwanahawa alivyorudi.

Ikaja habari kwamba mji umepewa michezo mikubwa, na uwanja utajengwa jirani. Watu wa halmashauri wakapita nyumba kwa nyumba wakisema: jengeni, wageni ni wengi, lakini jengeni nyumba ambazo wenyeji watakaa wageni wakishaondoka. Acheni ua, wekeni madirisha yanayopitisha upepo, kingeni maji ya mvua. Mbaruku alisikia neno wageni. Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Akamwomba dada yake ahamie shamba kwa shangazi yao kwa muda, akamwahidi chumba kizuri kuliko vyote. Hakumdanganya, alimpenda. Kisha akavunja nyumba, akakata mwarobaini, akajenga juu ya ua wote mpaka mpakani. Jiko hakuweka, maana mgeni hula hotelini. Madirisha yakawa ya vioo visivyofunguka, maana mgeni hupozwa na mashine. Ng'ambo ya barabara jirani yake Chande naye alijenga, ila alifuata ushauri: vyumba vichache, jiko, ua na tangi la mvua. Mbaruku alimcheka, eti anaacha ardhi ilale wakati wa mavuno.

Michezo ikaja. Nyumba ya Mbaruku ikajaa nyimbo na bendera, naye akafurahi, na nani asingefurahi? Kisha wageni wakaondoka kama wageni waondokavyo. Umeme wa kuendesha mashine ukamshinda. Wapangaji walikuja, wakasukuma vioo, wakatafuta mlango wa uani, wakaaga kwa adabu. Kwa Chande aliingia mwalimu na familia yake, kisha akaja muuguzi, na chumba kimoja kikabaki.

Mwanahawa akarudi kutoka shamba na mzigo wake. Kaka yake akamfungulia chumba kizuri kuliko vyote, chenye zulia, kama alivyoahidi. Mwanahawa akakitazama huku jasho likimtiririka. Hakulalamika. Aliuliza taratibu, "Kaka, nitainjika wapi chungu?"

Mbaruku aligeuka akatazama ukuta uliosimama palipokuwa banda la jiko.

Leo dada yake ni mpangaji kwa Chande, mtu baki, akitazamana na kiwanja cha baba yake mwenyewe. Kila mchana humpelekea kaka yake chakula, na Mbaruku hukila peke yake ukingoni mwa kitanda cha mgeni. Majuto yanamtafuna. Hakumfukuza dada yake hata siku moja. Alisahau tu kumjengea.

Nanyi mnaojiandaa kupokea wageni wakubwa, siku watakapoondoka, ni nani wa kwenu atakayeweza kuishi ndani ya mlichojenga?