Nakijwa na Mchezo wa Wewe Nani

Haya, mmekaa?

— Tumekaa, bibi!

Masikio yenu yako wapi?

— Yako hapa!

Basi yafungueni vizuri, maana kisa hiki ni kipana, hakipiti kwenye tundu dogo. We Mkunde, acha kumchokoza mwenzako. Njoo ukae huku karibu na miguu yangu.

Zamani, zamani ile ya mbali, kabla babu yangu hajazaliwa na kabla babu yake babu yangu hajajua kutambaa, milima hii ilikuwa na miji miwili tu. Mji wa juu uliitwa Mngondi. Mji wa chini uliitwa Ivuga. Juu kulikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi kulikuwa na ndiva, yaani bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Maji yalilala kwenye ndiva, yakiamka yakashuka kwa mfereji, yakanywesha mashamba ya Mngondi, kisha yakashuka tena yakanywesha mashamba ya Ivuga. Ndivyo ilivyokuwa, mwaka kwa mwaka.

Siku moja maji hayakushuka.

Siku ya pili hayakushuka. Mwezi ukaisha, hayakushuka. Migomba ya Ivuga ikakunja majani kama mtu mwenye homa. Maharage yakakauka yakiwa na maua yake. Mtawala wa Ivuga, mfumwa Mrindoko, alikuwa mtu wa hasira za haraka. Je, alituma mtu akaulize kuna nini huko juu?

Hakutuma mtu. Alituma mikuki.

Mara ya kwanza askari wakapanda, wakapigana, wakarudi pungufu ya watu saba. Mara ya pili wakapanda, wakapigana, wakarudi pungufu ya watu kumi na mmoja. Na maji je?

— Hayakuja!

Hayakuja, wajukuu zangu. Hata tone.

Sasa, hapo Ivuga aliishi mfinyanzi mmoja mwanamke, jina lake Nakijwa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni alipoanguka kwenye shimo la udongo, ukaunga vibaya, hivyo alitembea kwa kuyumba. Lakini mikono yake! Vyungu vyake vilikuwa vyepesi kama ganda la yai na vigumu kama jiwe. Alikuwa na kaka mmoja tu, Kiondo, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Kiondo alikuwa miongoni mwa wale saba wa kwanza.

Jemadari wa Ivuga aliitwa Sekiete, mtu mrefu, mwenye kovu kwenye kidevu. Alipoambiwa ajiandae kwa vita vya tatu, akasema, "Safari hii tutapanga kwanza." Akamwita Nakijwa uani kwa mfumwa, akamwambia, "Nifinyangie milima yetu. Nataka mabonde yote, mfereji na lango la Mngondi."

Nakijwa akafinyanga. Juu ya ngozi ya ng'ombe akaiweka milima yote, midogo, unaweza kuivuka kwa hatua moja. Wanaume wakaizunguka. Punje za mahindi ndizo zilikuwa askari wa Ivuga, na maharage mekundu ndiyo askari wa Mngondi. Pale punje na maharage vilipokutana, Sekiete alirusha vipande vitano vya kibuyu. Vikilala na upande mweupe juu vitatu au zaidi, Ivuga wameshinda. Vikipungua, wameshindwa.

Akarusha. Vyeupe viwili.

"Saba wamekufa," akasema Sekiete, akazifagia punje saba kwa kiganja. "Tuendelee."

"Hao saba ni akina nani?"

Watu wote wakageuka. Aliyeuliza ni Nakijwa, kakaa pembeni na udongo bado mikononi.

Mmoja akacheka. "Mama, hizo ni punje."

"Naona ni punje. Nauliza majina yao."

Sekiete akakasirika. "Punje haina jina!"

Nakijwa akainuka, akayumba hadi kwenye ile ngozi, akaokota punje moja iliyofagiwa. "Huyu anaitwa Kiondo," akasema. "Ana mbio kuliko wote, lakini haoni vizuri mbali. Anaogopa nyoka. Anapenda kuimba akiwa na njaa. Na kama mngemuuliza, asingepita langoni ambako mishale inamwona. Lakini hakuna aliyemuuliza."

Mfumwa Mrindoko akajikuna ndevu. "Haya," akasema. "Muulize sasa, jemadari. Na wewe mama, jibu kwa niaba yake."

Sekiete hakujua aanzie wapi. Akauliza kama mlinzi anavyomuuliza mgeni: "Wewe nani?"

"Mimi ni Kiondo."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye kichaka, chini ya lango."

"Unafanya nini?"

"Natambaa kando ya mfereji mkavu, nikachungulie."

"Rusha!"

Akarusha. Vyeupe vinne! Wanaume wakapiga kelele, wajukuu zangu, kama vile wamemwona kwa macho yao. "Mwache atambae! Mwache apite!" Na mzee mmoja akaokota punje nyingine akasema, "Na mimi nipo nyuma yake. Mimi ni mwindaji, nina mbwa." Na mwingine akasema, "Mimi ni mganga, nina dawa ya nyoka."

Hivyo ndivyo mchezo ulivyozaliwa. Wakauita Wewe Nani.

Basi siku zile za kusubiri vita, Ivuga nzima ilicheza. Walicheza uani, wakitwanga na wakisuka. Nakijwa ndiye alikuwa mwenye milima: yeye anasimulia ulipo, unachokiona na kinachokuja mbele yako. Wewe unasema unafanya nini, na vipande vya kibuyu vinasema kama umeweza. Mabinti wakawa simba. Wazee wakawa wachumba. Mwoga wa mji akapigana na joka la mabonde saba akalishinda, na kesho yake akatembea kifua mbele hadi mkewe akashangaa!

Lakini Nakijwa aliweka sharti moja tu. Hakuna kujicheza mwenyewe. Ukikaa kwenye ile ngozi, unakuwa mtu mwingine.

Siku moja zamu ikamfikia Sekiete. Nakijwa akampa haragwe jekundu.

"Hili ni la adui," akasema Sekiete.

"Ndiyo. Wewe nani?"

Jemadari akahema. Kisha akaikunja sauti yake nene ikawa nyembamba, watu wakaangua kicheko. "Mimi ni bibi kizee wa Mngondi."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye ndiva."

"Unafanya nini?"

"Naziba maji yasiende Ivuga."

"Kwa nini?"

Sekiete akaviangalia vipande vya kibuyu. "Nirushe?"

"Vipande vinajua kama umeweza, jemadari. Havijui kwa nini."

Hakuna aliyecheka tena. Sekiete akaliweka chini lile haragwe taratibu, akamgeukia mtawala wake. "Mfumwa, nimepeleka watu mara mbili. Nimezika kumi na wanane. Na leo nimeulizwa swali moja tu, nimeshindwa kulijibu."

Mrindoko akaruka kutoka kwenye kigoda. "Unataka nikampigie magoti Mghamba?" Mghamba ndiye alikuwa mfumwa wa Mngondi.

"Usiende wewe," akasema Nakijwa. "Nitakwenda mimi."

Mrindoko akamtazama yule mwanamke mwenye mguu mmoja mbovu. Akacheka kwa hasira. "Nenda. Ukishindwa, siku ya tatu napanda na mikuki yote."

Nakijwa akaikunja ile ngozi, akaipakia milima yake kwenye kapu. Sekiete akalibeba kapu kichwani, mikono mitupu, bila mkuki wala kisu. Wakapanda. Mtu mzima hufika Mngondi kabla jua halijawa kali. Wao walifika saa tisa mchana, kwa sababu ya mguu.

"Simameni hapo!" Mishale ishirini ikachungulia juu ya lango. "Nani huyo?"

"Mfinyanzi," akajibu Nakijwa. "Nimewaletea milima yenu."

Neno hilo wakalishangaa. Wakamwita Mghamba. Akatoka, mzee mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipomwona Sekiete akamnyooshea kidole. "Huyu! Huyu alimuua mdogo wangu langoni hapa!"

Sekiete akatua kapu. Akapiga magoti vumbini. "Ni kweli, mzee. Sina la kujitetea. Msikilize huyu mama kwanza, kisha fanya utakalo."

Nakijwa hakungoja. Alishatandika ngozi, alishapanga milima. Watu wa Mngondi wakasogea, mishale ikashuka kidogo, maana nani asiyetaka kuuona mji wake ukiwa mdogo namna ile? Akampa Mghamba punje moja ya mahindi. Akamweleza mchezo, akamweleza na lile sharti.

"Nicheze?" akasema Mghamba. "Watu wamekufa, nicheze?"

"Wamekufa ndiyo maana nimekuja, mzee. Kaka yangu yumo. Tafadhali. Wewe ni mama wa Ivuga, una mtoto mgongoni. Uko wapi?"

Mghamba akaigeuza ile punje kiganjani.

"Niko shambani kwangu," akasema Mghamba hatimaye.

"Unaona nini?"

"Naona... mfereji mkavu. Naona maharage yamekufa."

"Unafanya nini?"

"Nampandisha mtoto mgongoni. Napanda mlima kwenda kwenye ndiva." Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika. "Nafika. Nauona ukuta umebomoka. Nachukua jembe, nau..."

"Unau nini, mzee?"

Mghamba akaishika ile punje mbele ya macho yake, akaitazama sana. "Nilikuwa nataka kusema naubomoa," akasema polepole. "Miezi yote hii nimewaambia watu wangu kwamba Ivuga wanaubomoa ukuta wetu. Tumeujenga mara tatu, umebomoka mara tatu, maji yote yanakimbilia korongoni, hata sisi tuna kiu. Lakini mama huyu... mama huyu angeubomoaje ukuta unaomnywesha mtoto wake?"

Akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya watu wake. Na Sekiete, pale vumbini, akafunika uso kwa mikono.

Nakijwa akasema, "Nionyesheni huo ukuta."

Wakampeleka. Akachukua udongo kidogo, akaufikicha, akauweka ulimini. Wafinyanzi ndivyo wanavyofanya. "Nani aliwaambia mtumie udongo huu?"

"Shimo letu la zamani liliisha. Tulianza kuchimba hapa jirani."

"Umejaa mchanga. Chungu cha udongo huu kingepasuka kabla hakijaona moto. Hakuna aliyeubomoa ukuta wenu, ulikuwa unajibomoa wenyewe. Udongo wa kuushika uko Ivuga. Upo shimo zima. Nalijua vizuri, ndilo lililonivunja mguu."

Siku ya tatu ikafika. Mrindoko, kama alivyoahidi, akapanda na mikuki yote. Katikati ya mlima, kwenye kona, wakakutana uso kwa uso na Mngondi nzima inateremka! Mikuki ikainuka. Lakini watu wa Mngondi hawakuwa na mikuki. Walikuwa na makapu matupu, wanaume kwa wanawake, na mbele yao Mghamba naye kabeba kapu.

"Mnakwenda wapi?" akanguruma Mrindoko.

"Kwako," akasema Mghamba. "Kuomba udongo."

Akamweleza yote, pale pale njiani. Mrindoko akasimama kama mti. Aibu ilimpanda, na mtu mwenye cheo akishikwa na aibu ni hatari, wajukuu zangu. Mkuki ulikuwa bado juu. Sekiete akapita katikati ya makundi mawili, akasimama mbele ya ncha ile.

"Wewe nani?" akamuuliza.

Watu wakaguna. Mfumwa kuulizwa hivyo!

Mrindoko akamtazama jemadari wake. Akamtazama Nakijwa, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akipumzisha mguu. "Sharti linasema mtu hajichezi mwenyewe," akasema.

"Leo tu," akasema Nakijwa. "Leo nakuruhusu."

"Basi mimi ni Mrindoko, mfumwa wa Ivuga."

"Uko wapi?" Sasa waliouliza walikuwa watu wote, juu na chini.

"Niko njiani, mbele ya jirani yangu."

"Unafanya nini?"

Mrindoko akauachia mkuki. Ulianguka kwenye mawe, kri-kri-kri, ukateremka mlimani wenyewe. Akanyoosha mikono miwili mbele ya Mghamba.

"Nabeba udongo," akasema. "Nipe hilo kapu."

Ah! Mngesikia vigelegele! Milima ilirudisha sauti mara tatu. Watu wakajipanga mstari mmoja kutoka shimo la Ivuga hadi ndiva ya Mngondi, kapu likipita mkono kwa mkono, wa Ivuga akimpa wa Mngondi, wa Mngondi akimpa wa Ivuga. Waliokuwa wamepeana mishale sasa walipeana udongo. Siku sita. Nakijwa juu ya ukuta akiukanda kwa mguu wake mzima, akiimba, na watu wakimwitikia.

Siku ya saba ndiva ikajaa. Siku ya nane wakafungua mlango wa mfereji, pembe ikalia Mngondi, na maji yakashuka, yakashuka, watoto wakikimbia mbele yake wakipiga mayowe, hadi yakaingia Ivuga kwa kishindo. Watu wakaoga na nguo zao! Wakacheza ngoma siku mbili, na Mrindoko akampa Nakijwa kigoda cha kukaa kando yake barazani, mwanamke wa kwanza kukaa hapo.

Na Wewe Nani ukaenea. Kila mji ukataka milima yake ya udongo. Watu wa nyika wakaongeza simba na mapori, watu wa ziwani wakaongeza mitumbwi na majini. Hadi leo, mkisema "tufanye mimi ni mama, wewe ni daktari," mnadhani mmeubuni ninyi? Hehe! Mnaucheza mchezo wa Nakijwa.

Nanyi mshike hili: kabla hujamrushia mtu jiwe, kaa kwanza mahali pake, uone kwa macho yake, ujiulize yeye angefanya nini na kwa nini. Kama hujui, nenda ukamuulize.

Kisa kimefika kwao, na mdomo wangu umechoka. Aliyekisikia akichukue, aliyesinzia akaombe kwa mwenzake. Nimeweka nini?

— Umeweka kisa!

Nani anakibeba?

— Tunakibeba sisi!