Ombi la Damu Lililopotea Kimya

Hapo zamani, wala si ile ya mababu, ni hii ya juzi ya simu na kompyuta, hospitali ya mji mmoja ilikuwa ikiomba damu benki ya damu kupitia ukurasa wa mtandao. Unajaza, unabonyeza, unangoja.

Ukurasa aliutengeneza fundi Kidawa. Aliuandika hivi: ukibonyeza tu, unasoma "Ombi limetumwa", kabla jibu la benki halijarudi. Ombi likikwama njiani, baada ya muda maandishi mekundu ya kosa yalitokea chini.

Wauguzi wakayachoka yale maandishi. Akaitwa fundi mwingine, Bahame. Akaandika amri ya kudaka kila kosa linalochelewa kuja, na ndani ya amri hiyo hakuweka kitu. Kosa likija, linadakwa, linapotea. Ukurasa ukawa safi. Wakamshukuru.

Asubuhi moja Sikudhani alijifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kukoma. Muuguzi Nyamizi akabonyeza. Akasoma "Ombi limetumwa". Akangoja saa moja. Akangoja saa ya pili. Simu ilikuwa mezani, hakupiga. Saa ya tatu Sikudhani akafa.

Mama yake, Mashavu, aliingia kwa mganga mkuu na mjukuu mgongoni. Akakataa kiti.

"Benki wanasema damu ilikuwepo, ombi halikufika. Nani kaniulia mwanangu?"

Wakaitwa wote watatu.

Kidawa akasema, "Mama, niliharakisha neno, lakini kosa nililiacha lionekane. Aliyelificha ni Bahame."

"Ulisema limetumwa na hujui kama limefika. Huo ni uongo."

Bahame akasema, "Niliambiwa niondoe wekundu, nikauondoa. Kidawa angengoja jibu, nisingekuwa na cha kuficha."

"Uliambiwa uondoe wekundu. Nani alikwambia uondoe na habari?"

Nyamizi akasema, "Nilikuwa peke yangu na wagonjwa kumi na tisa, mama. Niliamini nilichosoma."

"Na mwanangu alikuamini wewe. Alikuwa anakutazama."

Mganga mkuu akamwomba apunguze sauti.

"Sipunguzi. Hapa mmezoea kunyamazisha."

"Wamekosa wote, mama. Wote nitawaonya."

"Ukisema wote, umesema hakuna. Huyu mtoto atakua, ataniuliza. Nipe jina moja."

Mganga mkuu akainama, akatazama meza.

Nanyi mnaonisikiliza, msiiname kama yeye. Kidawa, Bahame, Nyamizi: je, mtoto yule aambiwe jina la nani?